Mhispaniki ni Nani? Waulize Vitabu

Kila mwaka wa uchaguzi wa Marekani, taarifa za habari za Kiswahili huturudishia maneno yaleyale: kura za Wahispania huenda zikaamua mshindi. Mjomba wangu mmoja, mtu wa redio asubuhi na jioni, aliwahi kuniuliza bila utani: hao Wahispania wote walihamia kule lini, na nani amebaki Madrid? Nilicheka, kisha nikaona kosa si lake. Kwa Kiswahili Mhispania ni mtu wa Uhispania, kama Mreno alivyo mtu wa Ureno. Wanaotajwa kwenye taarifa hizo, wengi wao hawajawahi kuiona Uhispania hata ndotoni. Ni watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador, Jamhuri ya Dominika, Kolombia. Mtafsiri alibakiwa na dakika mbili kabla ya kuingia hewani, akashika neno lililokuwa karibu.

Basi hapa nitasema Mhispania kwa mtu wa Uhispania, na Mhispaniki kwa yule ambaye serikali ya Marekani humhesabu hivyo. Nakubali neno lenyewe si tamu mdomoni, ila linatuepusha na balaa la kumfanya Mmaya wa Guatemala mjukuu wa mfalme wa Uhispania.

Neno hilo lilikulia ofisini. Mwaka 1930 sensa ya Marekani iliwaandika watu wa asili ya Meksiko kama mbari ya peke yao. Malalamiko yakawa mengi, serikali ya Meksiko nayo ikapinga, na ilipofika sensa ya 1940 wakarudishwa kwenye kundi la Wazungu. Mwaka 1970 sehemu ndogo ya kaya ikaulizwa kama asili yao ni Meksiko, Puerto Rico, Kuba, "Amerika ya Kati au ya Kusini", au kwingineko kwenye Kihispania. Swali likazaa kichekesho: baadhi ya Wamarekani waishio majimbo ya katikati na ya kusini mwa nchi yao waliona kisanduku cha "Kati au Kusini" wakatia alama, maana si ndiko walikozaliwa? Mwaka 1976 Bunge likapitisha sheria ya kutaka takwimu za watu hawa, mwaka uliofuata ukatoka mwongozo wa serikali ulioeleza nani aingizwe, na sensa ya 1980 ikaliweka swali kwenye fomu ya kila mtu. Kwa mujibu wa mwongozo huo, Mhispaniki ni mtu mwenye asili au utamaduni wa Kihispania, awe wa mbari yoyote.

Hapo kwenye "mbari yoyote" ndipo fundo lilipo. Mtu mweusi wa Panama, mwenye macho ya bluu wa Buenos Aires na Mmixteki, mwenyeji wa asili wa milima ya Oaxaca huko Meksiko, wote kisanduku kimoja. Sensa ya 2020 iliwakuta milioni 62.1, sawa na asilimia 18.7 ya Wamarekani wote. Fomu iliuliza kwanza kama wewe ni Mhispaniki, kisha ikauliza mbari yako, na asilimia 42 ya Wahispaniki wakajikuta kwenye "mbari nyingine", maana hawakuona panapowafaa. Miaka kumi kabla yake, zaidi ya nusu walikuwa wamehesabiwa kama Wazungu tu. Mwaka 2020 waliohesabiwa hivyo walikuwa mmoja katika kila watano. Hakuna aliyebadili ngozi katika kipindi hicho. Fomu ndiyo iliyobadilishwa, pamoja na namna ya kuyapanga majibu.

Halafu kuna neno Mlatino, ambalo wengi hulitumia kana kwamba ni lilelile. Tofauti yake ni nyepesi: Mhispaniki hupimwa kwa lugha ya Kihispania, Mlatino kwa bara la Amerika ya Kilatini. Mbrazili, msemaji wa Kireno, ni Mlatino lakini si Mhispaniki. Mtu wa Sevilla, Uhispania, ni kinyume chake. Vijana wa vyuo vikuu wameongeza Latinx na Latine ili kuikwepa jinsia ya kisarufi, jambo ambalo sisi wenye ngeli ya A-WA tunalitazama kwa mshangao kidogo. Na wazee wengi wa jamii hiyo, ukiwauliza wao ni nani, hawatataja hata moja ya maneno hayo. Watakuambia mimi ni Mkuba, mimi ni Mdominika, basi.

Tangu 1968 Marekani imetenga siku za kuwaenzi watu hawa. Ilianza kama wiki moja, na mwaka 1988 ikawa mwezi mzima, 15 Septemba hadi 15 Oktoba. Huanza katikati ya mwezi kwa sababu 15 Septemba ni siku ya uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nikaragua na Kosta Rika, na Meksiko na Chile hufuata siku chache baadaye. Ndipo maktaba zinapopanga vitabu mezani chini ya bango la rangi. Mimi bango silipendi sana, meza naipenda. Sensa kazi yake ilikuwa kujumlisha. Kwenye meza ile hesabu inafumuliwa, kila mtu anarudi kuwa na mji wake, bibi yake na ugomvi wake.

Chukua kitabu chembamba cha Tomás Rivera, kilichotoka 1971: *...y no se lo tragó la tierra*, yaani "na ardhi haikummeza". Rivera alizaliwa 1935 Crystal City, Texas, katika familia ya vibarua waliofuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo. Alizaliwa Marekani, akasoma Marekani, na riwaya yake akaiandika kwa Kihispania. Kichwa chake kinatoka kwenye tukio moja. Kijana anawaona baba yake na mdogo wake wakipigwa na jua shambani hadi kuugua, na kwa uchungu anamlaani Mungu. Amelelewa akiambiwa kwamba mwenye kufanya hivyo ardhi hupasuka ikammeza. Anasubiri. Ardhi iko palepale, ngumu chini ya miguu yake. Kiswahili kinayo ardhi hiyohiyo, ile tunayoiomba ipasuke tunapoaibika, kwa hiyo msomaji wetu hahitaji maelezo ya pambizoni kuuelewa ukimya unaofuata.

Mahali pengine katika kitabu hicho, lori lililojaza vibarua wima kama mikungu ya ndizi linaharibika njiani kabla ya alfajiri. Rivera haelezi gari. Anatuingiza vichwani mwao mmoja baada ya mwingine: huyu anawaza atakachofanya wakifika, huyu anayalaani maisha haya, huyu anazitazama nyota. Majina hayatajwi. Kisha kunakucha, nao bado wanasema wakifika, wakifika.

Watu wa Rivera hujiita Wachikano, na ili kuwaelewa lazima uujue mwaka 1848. Baada ya vita, Meksiko ililazimishwa kuiachia Marekani eneo kubwa mno: California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya kusini-magharibi yote. Familia zilizokuwa zinalima huko ziliamka asubuhi ziko nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Ndiyo maana utawasikia wakisema hawakuuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka wao. Gloria Anzaldúa, mzaliwa wa bonde la Rio Grande, aliufanya mpaka huo kuwa kitabu kizima mwaka 1987, *Borderlands/La Frontera*. Ni nusu insha, nusu mashairi, na lugha zinabadilishana zamu katikati ya sentensi. Anahesabu lugha nane anazozisema, kuanzia Kiingereza cha darasani hadi lahaja ya mitaani ya vijana. Anakumbuka kuchapwa rula vidoleni kwa kosa la kusema Kihispania wakati wa mapumziko ya shule. Aliyewahi kuning'inizwa kibao shingoni katika shule zetu kwa kusema lugha ya mama yake atamaliza ukurasa huo kwa pumzi moja. Na aliyezoea Sheng hatasumbuliwa na mchanganyo wake.

Ukitoka mpakani ukaenda visiwani, kila kitu kinabadilika. Puerto Rico ilichukuliwa na Marekani kutoka kwa Uhispania mwaka 1898, na tangu 1917 watu wake ni raia wa Marekani. Kwa hiyo Mpuerto Rico anayehamia New York si mhamiaji wa pasipoti. Anapanda ndege kama mtu wa Mwanza aendaye Dar es Salaam, na akishuka anatazamwa kama mgeni. Esmeralda Santiago alifanya safari hiyo mwaka 1961, akiwa na miaka 13. Kumbukumbu zake za 1993 aliziita *When I Was Puerto Rican*, "Nilipokuwa Mpuerto Rico". Wakati uliopita huo uliwaudhi baadhi ya watu wa kwao: sasa umekuwa nani? Yeye alikuwa anasema alivyoona. Ukirudi kisiwani baada ya miaka ya New York, wenyeji ndio wa kwanza kukuambia umekwisha kuwa Mmarekani.

Kitabu hicho kinafunguliwa na pera. Mwandishi, sasa mtu mzima, yuko dukani New York, mbele ya mapera yaliyopangwa vizuri, na anakumbuka namna ya kuyala: bichi lenye ukakasi, bivu lenye harufu, mbegu zinazokwama menoni. Analishika moja, analinusa, kisha analirudisha na kusukuma kigari chake kuelekea kwenye matufaha na mapea. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo hata mwandishi hakuikusudia. Tunda lile sisi tunaliita pera, Kihispania huliita *guayaba*, na kwa Kihispania neno *pera* ni lile tunda tunaloliita pea. Kwa hiyo bibi huyu ameliacha pera letu akaenda kuchukua pera lao.

Piri Thomas naye ni Mpuerto Rico wa New York, lakini yeye hakuachiwa hata nafasi ya kutamani matunda. Alizaliwa Harlem 1928, mama Mpuerto Rico, baba Mkuba. Ndugu zake walitoka weupe, yeye akachukua rangi ya baba. Katika *Down These Mean Streets*, kitabu cha 1967, anaeleza nyumba ambamo neno "mweusi" halitakiwi: sisi ni Wapuerto Rico, mambo ya weusi ni ya jirani. Nje ya mlango, polisi na waajiri hawana habari na Puerto Rico, wanaiona ngozi. Anagombana na ndugu yake hadi kupigana kwa sababu ya jambo hilohilo. Kisha anafunga safari na rafiki yake Mmarekani mweusi kwenda majimbo ya Kusini, anapanda meli za mizigo, akitaka ajue mwenyewe yeye ni nani mahali ambapo rangi inaamua mtu akae wapi. Kwa maoni yangu ndicho kitabu kinachoonyesha vizuri kuliko vyote kwa nini lile "mbari yoyote" la mwongozo wa 1977 ni rahisi kuandika na gumu kuishi.

Weusi wa Kihispaniki si tanbihi. Walikuwapo tangu mwanzo wa maandishi yenyewe. Juan Francisco Manzano alizaliwa mtumwa nchini Kuba mwaka 1797. Alijifundisha kuandika kwa kuokota vipande vya karatasi vilivyotupwa na bwana wake, akavinyoosha, akapitisha kalamu yake juu ya mwandiko huo herufi kwa herufi, hadi mwandiko wake ukafanana na wa bwana. Mwaka 1835 akaandika maisha yake. Marafiki wakachanga fedha wakamnunulia uhuru mwaka uliofuata. Kitabu kikachapishwa London mwaka 1840 kwa Kiingereza, na kwa Kihispania, lugha aliyoiandikia, kikasubiri hadi 1937. Karibu karne nzima.

Huko Kolombia, Arnoldo Palacios alitoka Chocó, eneo la mvua na dhahabu kwenye pwani ya Pasifiki ambako wakazi wengi ni weusi. Alikuwa Bogotá amemaliza riwaya yake ya kwanza ghasia zilipolipuka tarehe 9 Aprili 1948 baada ya kuuawa mwanasiasa Jorge Eliécer Gaitán. Jengo alimouacha mswada likaungua, na mswada ukaungua nao. Palacios akakaa chini akaiandika upya yote kutoka kichwani kwa wiki chache. *Las estrellas son negras*, "Nyota ni nyeusi", ikatoka 1949. Ni saa chache za maisha ya kijana mwenye njaa, na njaa yenyewe imeandikwa kwa ukaribu hivi kwamba ukisoma umekula vizuri unaona aibu.

Kuna neno moja la Kihispania ambalo msomaji wa Kiswahili akilisikia hatalisahau: *perejil*. Ni jani la kiungo, ndugu wa giligilani. Oktoba 1937, Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, aliamuru Wahaiti wa maeneo ya mpakani wauawe, na waliouawa walikuwa maelfu. Inasimuliwa kwamba askari walishika shada la jani hilo na kumwuliza mtu: hiki nini? Mhaiti, aliyekulia Kikrioli, r ya Kihispania humpa taabu. Sisi hutaniana kwa l na r, fulani kala "wari" badala ya wali, tukacheka yakaisha. Mpakani mwa Haiti na Dominika utani huo ulitenganisha aliye hai na maiti. Edwidge Danticat, mzaliwa wa Port-au-Prince, ameliandika hilo katika riwaya *The Farming of Bones* ya 1998. Yeye si Mhispaniki kwa kipimo chochote. Na bado huwezi kuuelewa Udominika bila kumsoma, sawa na ambavyo huwezi kuuelewa bila Julia Alvarez, ambaye familia yake ilimkimbia Trujillo huyohuyo mwaka 1960 na ambaye riwaya yake *In the Time of the Butterflies* inawafufua kina dada Mirabal, wapinzani wa Trujillo waliouawa 25 Novemba mwaka ule. Tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na kwetu pia huadhimishwa, mara nyingi bila majina yao kutajwa.

Sasa turudi bara letu, maana Kihispania kipo Afrika na wengi hatukumbuki. Guinea ya Ikweta ilitawaliwa na Uhispania hadi 12 Oktoba 1968, na Kihispania ni lugha yake rasmi mpaka leo. Mwaka 1985 María Nsue Angüe alichapisha *Ekomo*, riwaya ya kwanza ya mwanamke wa nchi hiyo. Ekomo ni jina la mume, lakini anayesimulia ni Nnanga, mke wake. Mguu wa Ekomo unaoza. Mke anazunguka naye kutafuta dawa, kwa waganga na kwa wamisheni, kati ya mila za Wafang na maneno ya padri, na kitabu kinapokwisha yeye ndiye anayebaki na mzigo wa mjane. Msomaji wa Tanzania au Kongo atapajua pale kijijini kabla hajafika ukurasa wa kumi: baraza la wazee, ubishi wa wanaume, mwanamke anayejua zaidi ya anavyoruhusiwa kusema. Sijui fomu ya Marekani ingemwita nani. Mimi namwita mwandishi wa Kihispania aliyekuwa Mwafrika kuliko wengi wetu tunaojidai.

Na hata Kihispania chenyewe ni mchanganyo unaotugusa. *Azúcar* yao na sukari yetu ni neno moja la Kiarabu. Mhispania au Mmeksiko anapotamani jambo husema *ojalá*, neno lililotoka kwenye Kiarabu cha "Mungu akitaka". Mzee wa Lamu anayesema inshallah na bibi wa Guadalajara aliye Mkatoliki wa rozari wanalitaja jina lilelile, mmoja wao bila kujua.

Lakini wapo mamilioni ambao Kihispania kwao ni lugha ya pili, au hakipo kabisa. Popol Vuh, kitabu cha asili ya ulimwengu cha Wak'iche' wa Guatemala, kiliandikwa kwa lugha yao katika herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16, kikanakiliwa mwanzoni mwa karne ya 18 na padri Francisco Ximénez huko Chichicastenango. Nakala hiyo ya padri leo iko kwenye maktaba ya Newberry, Chicago. Humo miungu inajaribu kumuumba mtu kwa udongo, analowa na kubomoka. Inajaribu kwa mti, anatembea bila moyo wala kumbukumbu. Mwishowe inamfinyanga kwa mahindi, na huyo ndiye sisi. Rigoberta Menchú, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, ni wa watu haohao. Alijifunza Kihispania ukubwani, ili ashuhudie yaliyofanywa na jeshi kwa familia yake, na ushuhuda wake ukatoka kitabu mwaka 1983. Akivuka kwenda Marekani, Mk'iche' asiyejua Kihispania atawekwa kwenye kisanduku cha utamaduni wa Kihispania. Uhispania yenyewe, tukisema kweli, haisalimiki: Bernardo Atxaga alipopata tuzo ya taifa ya riwaya mwaka 1989, kitabu chake *Obabakoak* kilikuwa kimeandikwa kwa Kibaski.

Wapo pia waliofika kwa meli kutoka kwingine kabisa, na hawa nitawapitia kwa haraka. Alberto Gerchunoff aliandika juu ya wachunga ng'ombe wa Kiyahudi wa Argentina mwaka 1910. José Watanabe, mshairi wa Peru, baba yake alitoka Japani. Lina Meruane wa Chile ana mizizi ya Palestina, na mwaka 2013 aliandika safari ya kwenda kuitafuta. Wapalestina na Walebanoni wa Amerika ya Kilatini wameitwa "Waturuki" kwa vizazi vitatu kwa sababu tu babu zao walishuka melini na hati za dola ya Uthmania. Karani mmoja wa bandarini, na jina limewaganda.

Mtu anaweza kuuliza: mambo ya meza ya vitabu yanamhusu nani? Yaliwahusu watu wa Tucson, Arizona. Shule za wilaya hiyo zilikuwa na somo la historia na fasihi ya Wamarekani wa asili ya Meksiko. Mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria dhidi ya masomo ya aina hiyo, na Januari 2012 somo likafungwa. Vitabu saba vikaondolewa madarasani na kutiwa kwenye maboksi, kimojawapo kikiwa historia ya Rodolfo Acuña, *Occupied America*. Machi mwaka huohuo, waandishi na walimu wa Houston wakajiita Librotraficantes, wasafirisha vitabu vya magendo, wakapakia vitabu kwenye basi na kuvipeleka Tucson, wakisimama njiani San Antonio, El Paso na Albuquerque. Jina lile lilikuwa dongo: Mmeksiko kwenye sinema za Marekani daima anasafirisha kitu haramu, haya basi, leo anasafirisha riwaya. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho, A. Wallace Tashima, aliamua kwamba sheria ile ilitumika kwa chuki ya ubaguzi na kwamba iliivunja katiba.

Kama ningelazimika kuchagua mahali pamoja pa kumpeleka mjomba wangu, ningempeleka maktaba ya mtaa wa 135, Harlem. Arturo Schomburg, Mpuerto Rico mweusi aliyezaliwa 1874, alisimulia kwamba utotoni mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia. Alitumia maisha yake kumjibu. Alinunua vitabu, barua na picha kutoka Harlem hadi Sevilla, na mwaka 1926 maktaba ya jiji la New York ikaununua mkusanyiko wake kwa dola 10,000 na kuuweka katika tawi hilo. Watu wengi wanaoingia humo leo wanamdhani Mmarekani mweusi mwenye jina la Kijerumani.

Miaka mitano kabla ya vitabu vyake kuwasili, tawi hilohilo lilikuwa limemwajiri msichana mwingine mweusi wa Puerto Rico, Pura Belpré. Alikuja New York mwaka 1920 kwenye harusi ya dada yake, akabaki. Alipewa kazi kwa sababu watoto wasemao Kihispania walianza kujaa mtaani na maktaba haikuwa na mtu wa kuongea nao. Akazipekua rafu za hadithi akitafuta zile alizosimuliwa na bibi yake kisiwani. Hakuiona hata moja. Basi akaanza kuzisimulia mwenyewe, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, akatengeneza na vikaragosi, na mwaka 1932 mojawapo ikachapishwa: *Perez and Martina*. Tangu 1996 ipo tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake.

Martina ni mende. Ni mende wa asili ya Uhispania, wa heshima na madaha, aliyepelekwa Harlem na mdomo wa mwanamke mweusi wa kisiwani. Amejipamba, ameketi barazani, na wanyama wanakuja kumposa mmoja mmoja. Martina hawaulizi mali wala ukoo. Anamwuliza kila mmoja swali moja: je, tukioana, utakuwa unaongea nami vipi? Wanajibu kwa sauti zao za kukwaruza na kupiga kelele, naye anakataa, anakataa. Anakuja Pérez, panya mdogo, anainama, anatoa sauti nyembamba tamu, na Martina anasema huyu. Wanaoana. Siku ya Krismasi Martina anapika kitamu chunguni, Pérez anachungulia aonje, anatumbukia. Martina anachukua gitaa lake, anaanza kumwimbia, na bibi wa Puerto Rico walisema anamwimbia hadi leo.